Kiunzi

Kamusi inanipa maana mbili za neno hili:
mbao zinazoshika nyumba kabla haijawa nyumba,
na kile kizuizi mkimbiaji anachokiruka
au kinachomwangusha.
Hakuna aliyeniambia ninachagua ipi.

Msimu umekwisha. Mizani ya chama cha msingi imefunikwa turubai,
stakabadhi zimefungwa kwa uzi, magunia ya mwisho yameshuka Mtwara,
na mimi karani nina usiku mzima wa Newala,
ukungu mlangoni, kompyuta ya mkono wa tatu,
herufi N imefutwa na vidole vya watu nisiowajua.

Nataka gemu moja tu.
Msichana, ndoo, ngazi za mwamba kutoka bondeni.
Anaruka. Anafika. Basi.

Mwalimu Mchopa alisema: chukua injini kubwa,
imo kila kitu ndani, mwanga, upepo, vivuli,
hata maji yanayotikisika yenyewe.
Nikaipakua siku nne kwa kifurushi cha usiku,
saa sita hadi saa kumi na moja, nikiikesha kama mgonjwa.
Nilipoifungua feni ikalia kama mashine ya kusaga,
paka akahama chumba,
na picha ya kwanza ilitokea nimeshachemsha chai na kuinywa.
Kivuli kilimfuata msichana bila mimi kukiita.
Nilikitazama kwa adabu, kama mgeni
aliyeonyeshwa sebule na kukatazwa jikoni.

Ya pili ilisifiwa na vijana wote wa Mchopa.
Nyepesi, nzuri, jina tamu.
Nikajifunza wiki tatu. Likatoka toleo jipya,
na nusu ya niliyojifunza ikawa makosa:
mistari myekundu, kama daftari langu la darasa la tano.

Kisha mwezi mzima nikawa nalinganisha.
Hii ina hiki, ile haina kile.
Nikapiga jedwali, nikatia vema, nikatia mikasi,
jedwali likawa refu kuliko gemu lenyewe.
Watu hugombea fito wanapojenga nyumba moja;
mimi nilizigombea peke yangu
na kiwanja kikaota majani.

Basi nikachukua hii ndogo.
Inajua kuchora mraba. Inajua kitufe kimebonyezwa.
Zaidi ya hapo haijui kitu, na haijifanyi.
Haina mvutano: nilipomrusha msichana
alipanda, akapanda, akatokea juu ya kioo, hakurudi.
Ikabidi kuanguka nikuandike mwenyewe.

Nani anajua kuanguka ni namba ngapi?
Nilimwomba Asumini, wa dada yangu, aruke
kutoka kwenye rundo la magunia matupu ghalani,
nami nikipima kwa saa ya simu. Mara tisa.
Ya kumi akadai malipo.
Sifuri nukta sita. Nikaandika sifuri nukta sita,
na mraba wangu ukashuka kama mtoto wa watu.

Asumini akabonyeza. Mraba ukaruka. Akabonyeza tena.
Hakuuliza nimetumia nini.
Aliuliza, "Mbona hana ndoo?"

Kwenye injini kubwa maji yangetikisika.
Hapa sina maji, nina miraba.
Nikafikiri hadi umeme ukakatika, nikaendelea kwa betri,
nikaweka namba pembeni: ishirini.
Kila akiruka, moja inapungua.
Lita ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane.

Nikamwonyesha mama yake, asiyewahi kugusa kitu hiki
na ambaye kiangazi chote ananunua maji kwa ndoo.
Akaiangalia ile namba ikishuka.
"Aende polepole huyo," akasema.
"Akifika na saba atapikia nini?"

Sijui bado. Kwenye ngazi ya nne msichana anapita katikati ya jiwe.
Mchopa ametuma ujumbe: imetoka nyingine, nyepesi zaidi.
Nimeusoma, nimeuacha hapo hapo;
betri ni asilimia tisa
na jiwe linavuja.